Likizo ya Baba na Basi la Jioni



Miongoni mwa barua zilizoifikia safu hii tangu kiangazi kianze, imo moja ya mama wa Buyenzi, mke wa askari, ambayo imetulazimu tuahirishe yale maelezo ya kuhifadhi maharage tuliyoyaahidi. Mama huyo anaeleza kwamba mumewe alipata likizo ya siku kumi baada ya kukaa karibu mwaka mzima kituoni, mbali na nyumbani. Siku tatu zilikwenda kwa wazee kijijini, mbili zikaliwa na homa ya mtoto, nyingine zikaishia juu ya paa lililokuwa likivuja. Ikabaki siku moja, ambayo baba aliwaahidi watoto kwamba ni ya ziwa.

Siku hiyo walitoka nyumbani saa nne asubuhi. Wakangoja basi hadi karibu saa sita, wakafika ufukweni jua likiwa utosini. Ilipogonga saa tisa, maji yalipoanza kuwa matamu na watoto walipokwisha kuzoea mawimbi, baba akawainua wote kwa hofu ya kukosa basi la kurudi. “Tulikaa zaidi mstarini kuliko majini,” anaandika mama huyo. Bwana amerudi kazini, lakini kabla ya kuondoka alitoa amri kwamba hakuna tena safari ya ziwa mpaka siku watakapokuwa na gari lao. Mama anauliza: je, ni kweli kwamba ufukwe wa Tanganyika ni wa wenye magari?

Jibu letu ni la. Hata hivyo, yafaa kusema mapema kwamba basi lina kanuni zake, na asiyezijua ataburutwa nazo.

Kanuni ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa nyingine zote, ni hii: watu huenda kwa mafungu, lakini hurudi kwa pamoja. Asubuhi mmoja hutoka saa moja, mwingine saa tatu, mwingine baada ya ibada, na kwa hiyo mabasi huwatosha. Jioni jua likiinama wote huinuka mchangani kwa wakati mmoja, kana kwamba wamepigiwa tarumbeta. Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme watu 300 wamefika barabarani katika nusu saa moja, na kila basi dogo linachukua abiria 18. Zinahitajika safari 17 kuwaondoa wote. Wale wa safari ya kumi na saba watakuwa wamesimama hapo muda gani, na watoto wao watakuwa wamelala juu ya bega la nani?

Wasomaji wasidhani kwamba taabu hii ni ya nchi zetu pekee. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, kuna mahali pa starehe panapoitwa Walt Disney World, palipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Eneo lake linapita kilomita za mraba 100. Ndani yake mna viwanja kadhaa vya michezo na hoteli nyingi, na watu huenda huko na jamaa zao kukaa siku nyingi. Wageni wengi hawana gari wakiwa huko. Hutegemea mabasi ya mahali penyewe, ambayo huwachukua hotelini na kuwapeleka viwanjani bila kudai nauli. Zipo pia mashua, lipo treni linalokwenda juu ya reli moja, na tangu mwaka 2019 vipo vyumba vidogo vinavyoning’inia kwenye waya na kupita hewani.

Kwa mali yote hiyo mtu angetazamia kwamba hakuna anayengoja. Lakini usiku, baada ya fataki za mwisho kurushwa, maelfu hugeuka pamoja kuelekea vituoni, na baba aliyetumia akiba ya miaka kuwaleta watoto wake husimama mstarini na mtoto aliyesinzia begani, sawasawa na baba wa Buyenzi. Magari ya kusukumia watoto wachanga nayo sharti yakunjwe kabla ya kupanda basi, kwa hiyo mama naye ana mtoto mkono mmoja na chuma mkono wa pili. Wenyeji wa mahali pale wamejifunza mambo mawili: ama kuondoka kabla ya fataki za mwisho, ama kukaa chini, kula taratibu, na kuacha umati uishe. Anayetoka katikati ndiye anayeumia.

Jambo jingine la huko lafaa kukumbukwa. Kuanzia mwaka 2005 wageni wa hoteli hizo walikuwa wakichukuliwa bure kwa basi kutoka uwanja wa ndege wa Orlando. Huduma hiyo ilikomeshwa mwanzoni mwa mwaka 2022, na waliopanga bajeti kwa kuitegemea wakalazimika kutafuta usafiri wa kulipia. Basi la mwingine ni la mwingine. Siku mwenyewe akibadili nia, abiria hana la kusema.

Turudi nyumbani. Sisi tunaokaa Rohero tuna bahati ambayo hatuithamini ipasavyo, kwa kuwa mabasi mengi huanzia safari zake katikati ya mji, kando ya mahali lilipokuwa soko kuu kabla halijateketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Anayepanda mwanzo wa njia hupata kiti. Anayengoja katikati ya njia hupata mabaki, na siku nyingine hapati hata hayo. Kanuni hii yafaa kutumiwa hata wakati wa kurudi: mkiona mabasi mawili yamewapita yakiwa yamejaa, msiendelee kusimama mahali palepale na kuyatukana. Tembeeni kurudi nyuma, upande yanakotokea, mpaka mahali yanapogeuzia. Mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu mara nyingi huokoa saa nzima.

Upo pia uhaba wa mafuta, ambao umeisumbua nchi mara kwa mara tangu mwaka 2021. Basi lililokuwapo jana huenda leo limelala kwenye mstari wa kituo cha mafuta. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari, mmoja wa nyumbani hana budi kwenda kuwauliza madereva wa njia hiyo kama kesho wanatazamia kufanya kazi. Madereva hawaoni haya kusema kweli wakiulizwa kwa heshima. Na wale waliozoea kusema kwamba basi likikosekana watapanda pikipiki, watakumbuka tarehe 21 Machi 2022, ambapo pikipiki, baiskeli na magari ya magurudumu matatu yalipigwa marufuku katikati ya mji wa Bujumbura. Siku ile wengi walijifunza kwamba hata njia ya akiba yahitaji akiba yake.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapo ndipo siku ya mama yetu ilipoharibika. Mumewe hakukosea kuinuka saa tisa. Hapa kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na ukanda wa ziwa baada ya magharibi si mahali pa kusimama na watoto. Viboko hutoka majini jioni kutafuta majani, na wakazi wa karibu na ufuo wanajua kwamba mnyama huyo hapishi mtu njia. Aliyeinuka saa tisa na kungoja basi saa moja na nusu atakuwa nyumbani kabla ya giza. Kilichokosewa ni saa ya kutoka. Laiti wangetoka saa moja asubuhi, wangefika saa mbili au saa tatu, maji yakiwa matulivu na mchanga haujawaka. Wangeogelea mpaka saa tano, wakakaa kivulini wakala na kulaza wadogo mpaka saa nane, wakarudi majini tena, na saa tisa ikawakuta watoto wameshiba ziwa. Jamaa wa namna hiyo hawaondoki wakilia.

Akina baba wengine, hasa wenye kazi ya silaha, watasema kwamba kuamsha nyumba nzima alfajiri siku ya likizo ni kuigeuza likizo kuwa gwaride. Hapana. Gwaride ni kule kuwafokea watoto jioni kituoni. Vitu vifungwe usiku, chakula kipikwe usiku, na asubuhi iwe ya chai tu.

Kuhusu mahali pa kwenda, tunashauri wenye watoto wadogo sana wasianzie mbali. Yapo Makumbusho Hai ya Bujumbura, Musée Vivant, yaliyoanzishwa mwaka 1977, ambamo watoto huona mamba na nyoka kwa usalama. Kutoka Rohero ni mwendo wa miguu, na siku ambayo haina basi ndani yake ni nusu ya mapumziko tayari. Fukwe za njia ya Gatumba, kama vile Saga Plage na zile za Kajaga, ni za siku nzima. Lakini kumbukeni kwamba ziwa nalo lina tabia yake. Mwaka 2024 maji yalipanda hata barabara ya Gatumba ikafunikwa, na watu wakavushwa kwa mitumbwi. Kabla ya kuwaahidi watoto ufukwe fulani, ulizeni kama mchanga wake bado upo.

Kwa watoto wanaosoma, ipo Mugere, kusini mwa mji kama kilomita 10 hivi kwa njia ya Rumonge, penye jiwe la Livingstone na Stanley. Wazazi wengi huwaambia watoto kwamba hapo ndipo Waingereza hao wawili walipokutana. Sivyo, walikutana Ujiji, na kisha wakapita Mugere mwezi Novemba 1871 katika safari yao ya kuchunguza kaskazini mwa ziwa, wakalala hapo siku mbili. Mugere ni pazuri kwa mandhari, ila basi lake ni gumu jioni, kwa kuwa mabasi yanayotoka Rumonge hupita hapo yakiwa yamekwisha kujaa. Afadhali kwenda asubuhi na kurudi mchana wa saa saba, wakati wenye mizigo bado wako sokoni.

Fedha nazo zihesabiwe kwa ukweli. Jamaa wa watu 6 hawalipi nauli 6, hulipa 12. Na ikiwa ni lazima kubadilisha basi katikati, hulipa 24. Nauli ya kurudi itengwe kabla ya kutoka, ifungwe katika pindo la kitenge cha mama, isiguswe hata muuza samaki wa kuchoma apite mara kumi. Wakati wa kwenda mtoto aweza kupakatwa. Wakati wa kurudi, lipieni kiti chake ikiwa mfuko unaruhusu, maana mtoto aliyelala ni mzito kama gunia, na fedha ya soda mbili imetumika vizuri zaidi hapo kuliko kwenye soda. Kadhalika, wanaopata mshahara wa mwezi waweke kidogo kidogo fedha ya teksi moja ya dharura. Isipotumika, irudi koponi ikangoje madaftari ya mwezi Septemba.

Wale wanaokaa kambini au katika nyumba za jirani wana njia iliyo bora kuliko zote hizi, nayo ni kukodi basi dogo kwa siku. Jamaa watatu wa watu sita sita hulijaza basi la viti 18 barabara. Dereva huyo atakuwa wenu mpaka jioni, na saa ya kurudi mtapatana naye ninyi. Mlipeni nusu asubuhi, nusu mkifika nyumbani, na wala msimpe hata hiyo nusu ya kwanza kabla ya kuona kwamba tangi lina mafuta ya kwenda na kurudi. Kiongozi wa saa awe mama mmoja, si baraza la wanaume watatu. Tumeona mabaraza hayo yakijadili saa ya kuondoka mpaka saa yenyewe imepita.

Neno moja kwa mabwana zetu. Yapo mazoea ya kuvaa sare siku ya matembezi ili mstari uwapishe. Watu hupisha, ni kweli. Lakini mtoto aliyeshika mkono wa baba yake hugeuka nyuma na kuwatazama waliopishwa, na humo mna mama mwenye mimba, na mzee mwenye fimbo. Siku ya likizo vaeni shati la kawaida na mngoje zamu.

Ama kuhusu gari la bwana wa Buyenzi, hatuna neno juu ya kutamani. Ila mtoto wake mkubwa, kwa maelezo ya barua, ana miaka tisa. Gari hilo likipatikana baada ya miaka minane, kijana atakuwa anakwenda ziwani na wenzake, na baba atakaa usukanini kwenye mstari wa mafuta. Likizo ijayo, mama, mwandikie mumeo mapema akuambie tarehe, nawe utafute jamaa wawili wa kukodi nao.

Katika kufunga vitu, msisahau kitambaa kikavu kimoja kwa kila mtoto, na mfuko wa plastiki mgumu wa nguo zilizolowa, maana kondakta ana haki ya kumkataa abiria anayelowesha viti. Maji ya kunywa yachemshwe usiku na yawe mengi kuliko mnavyodhani, kwa sababu yale ya kiu ya kituoni ndiyo husahauliwa.

Maelezo ya kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi yatatoka wiki ijayo.