Mcheza kwao hakutuzwa

Nimechoka kusoma hadithi ileile. Kila makala inayosimulia chimbuko la kantri roki inaanza na kundi la The Byrds na kijana wao Gram Parsons, na ile Agosti ya 1968 walipotoa Sweetheart of the Rodeo. Kisha, huko chini kabisa, mwandishi akibakiwa na nafasi, anadokeza kwamba Everly Brothers nao walitoa albamu mwaka huohuo, jina lake Roots. Eti "nao"! Kama vile Don na Phil Everly walikuja kuokota makombo kwenye karamu ambayo familia yao ndiyo iliyoipika.

Nasema bila kumung'unya maneno: Roots ndiyo albamu bora ya kantri roki ya mwaka ule, na kuiweka pembeni ni dhuluma.

Isikilize inavyoanza. Hupokewi na ngoma wala gitaa la umeme. Unapokewa na utepe wa kipindi cha redio cha mwaka 1952, sauti zimechakaa, na familia ya Everly iko hewani: baba Ike, mama Margaret na wavulana wao wawili, Don ambaye hajatimiza miaka 16 na Phil ambaye hajatimiza 14. Unasikia nyumba ya watu. Halafu zama zinageuka, wavulana wale wamekuwa watu wazima, na wanaingia na Mama Tried, wimbo ambao Merle Haggard, mtu aliyekuwa ametoka gerezani San Quentin miaka minane tu kabla yake, alikuwa ameutoa miezi michache iliyopita. Utepe wa zamani na wimbo mbichi, bega kwa bega. Kabla ya dakika mbili kwisha umeshaambiwa albamu hii inahusu nini.

Wapo wanaosema ndugu hawa walikuwa wamepitwa na wakati, wakarudi nyuma kutafuta hifadhi. Uongo mtupu. Mtu anayetafuta hifadhi harekodi wimbo wa Randy Newman, mpiga piano kijana ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo. Haimbi nyimbo za Ron Elliott wa kundi la Beau Brummels. Wala hauchukui wimbo wake mwenyewe wa 1957, I Wonder If I Care as Much, uliokuwa upande wa pili wa Bye Bye Love, akaupunguza mwendo mpaka ukawa kitu kizito kingine kabisa. Sauti ya Don iko chini, ya Phil iko juu yake, zinapanda na kushuka pamoja kama mabega ya watu wanaovuta kasia moja. Wimbo ule waliuimba wakiwa vijana wa miaka ishirini au pungufu. Sasa wanauimba wakiwa wameonja umaarufu na kuporomoka kwake, na kila neno limeongezeka uzito.

Nawaheshimu The Byrds. Sweetheart ni kazi nzuri, na sidai kwamba kalenda inawapa akina Everly ushindi. Ninachokataa ni kipimo. Parsons alikuwa kijana wa familia tajiri aliyeupenda muziki huu kwa moyo wote, na kwa kuupenda huko anaitwa mwanzilishi. Don alizaliwa Brownie, kwenye mashimo ya makaa ya mawe ya Kentucky, ambako baba yake alikuwa mchimbaji kabla ya gitaa kumtoa huko. Ike alikuwa fundi wa kupiga gitaa kwa dole gumba, mtindo ambao katika wilaya ile ulipitia mikononi mwa Arnold Shultz, mchimba makaa na mpiga gitaa Mweusi ambaye leo wengi hawamjui hata kwa jina. Hiyo ndiyo mizizi inayotajwa kwenye jalada. Ilikuwa mezani kwao kila jioni. Lakini kipya kinyemi, na wahakiki walimshangilia mgeni aliyeingia nyumbani kwa watu, wakampita mwenye nyumba mlangoni.

Na wasije wakaniambia habari za mauzo. Roots haikuingia hata kwenye chati, ndiyo. Sweetheart nayo haikuuzwa vizuri. Moja imesamehewa na kupewa taji, nyingine bado inaadhibiwa kwa kosa hilohilo. Huo ni uonevu, hauna jina jingine.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuijali albamu hii. Ndani yake mna T for Texas, wimbo ambao Jimmie Rodgers aliurekodi mwaka 1927. Santuri za Rodgers zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa huko wakiimba Chemirocha, jina ambalo ni Jimmie Rodgers katika matamshi ya Kikipsigis. Kwa hiyo Don na Phil walipoupigia wimbo ule gitaa la umeme, walikuwa wakilima shamba ambalo wasichana wale nao walishalilima kwa namna yao.

Mwaka 1973 ndugu hawa walivunja kundi jukwaani, Phil akapasua gitaa lake, wakakaa miaka kumi bila kuimba pamoja. Phil alifariki Januari 2014, Don akamfuata Agosti 2021. Hawapo tena kujitetea.

Basi itafute Roots, uisikilize yote kwa mpangilio wake. Usiruke utepe wa mwanzo ili uwahi wimbo. Mwache kwanza Ike Everly aseme.