Shime, Tuwafae Matabibu wa Kesho

Tangu Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1963, ikakua hata ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007, tumekuwa na desturi njema ya kuwashangilia matabibu siku wavikwapo majoho. Lakini hatuna desturi ya kuuliza hali ya vijana walio katika miaka miwili ya mwanzo, ambao aghalabu hawajakabidhiwa mgonjwa, ilhali dhiki yao ni kubwa.

Katika miaka hiyo hufundishwa anatomia, fiziolojia na baiokemia: mifupa 206 pamoja na matundu yake na misuli ishikamanayo nayo, jozi 12 za neva zitokazo ubongoni, na hatua ambazo kwazo mwili hugeuza sukari kuwa nguvu, yote kwa istilahi za Kilatini na Kigiriki zilizovikwa Kiingereza. Majaribio hufuatana, usiku ukawa wa kukesha. Na yule aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao hujiona, kwa mara ya kwanza katika umri wake, yu nyuma ya halaiki ya watu ambao nao walikuwa wa kwanza, wala hapana aliyemwambia mapema kuwa hilo huwapata wengi.

Tena kuna maiti. Kijana wa miaka 19 au 20, ambaye pengine kwao watoto huondolewa pale maiti aoshwapo, huingizwa katika chumba cha anatomia, akapewa kisu, akaambiwa apasue, na harufu ya fomalini ikamfuata hata mezani pa chakula. Mimi naona huo ni mzigo mzito mno kuachiwa moyo mchanga uuchukue peke yake; na sisi tuliomlea katika kuwastahi wafu ndio tuliopaswa kuutambua kabla ya wengine.

Mwanafunzi akianguka katika mtihani, huurudia, na wanafunzi wenyewe huuita mtihani huo wa marudio sapu. Akianguka tena, huenda akaondolewa chuoni. Walakini limwogopeshalo zaidi ni fedheha ya nyumbani, maadamu mtaa mzima umekwisha kumwita daktari tangu siku alipopata nafasi chuoni. Kwa hiyo huficha, na afichaye dhiki hapati wa kumsaidia.

Basi shime! Wazazi, ulizeni kwanza kama amelala na kama amekula, ndipo muulize alama. Madaktari mlio kazini na mliostaafu, ninyi mna dawa ambayo sisi hatuna: kila mmoja wenu na awachukue wanafunzi wawili watatu wa mwaka wa kwanza katika chuo kilicho karibu naye, akutane nao kila mwezi, awaeleze bila kuona haya ni somo gani lililomtoa machozi na ni kwa njia gani alilivuka. Mashehe na mapadre, zungumzeni na vijana hao kabla ya siku ya kwanza ya kupasua. Nasi sote tuwaandikie wakuu wa vyuo, kwa insafu na si kwa ghadhabu, tukitaka washauri nasaha wa kutosha ambao siri waambiwazo hazimfikii mtahini, na ratiba isiyorundika mitihani ya masomo yote katika juma moja. Na wabunge wetu tuwahimize waisimamie Bodi ya Mikopo ili fedha za kujikimu ziwasili kabla ya njaa. Vyuo hufunguliwa aghalabu Oktoba au Novemba: mikutano ya wazazi na ya madaktari wa kila mkoa na iitishwe kabla ya miezi hiyo, na orodha ya waliojitolea ipelekwe chuoni.