Sare ya Marekani, na uraia unaokawia njiani

Kijana wa Lubumbashi aliyebahatika katika loteria ya viza ya Marekani husindikizwa na shauri moja kutoka kwa ndugu: akifika huko aingie jeshi, apate uraia upesi, kisha avute wazazi.

Shauri hilo si uongo. Sheria ya Marekani inamruhusu mgeni anayetumikia jeshi wakati wa vita kuomba uraia bila kungoja miaka 5 kama wenzake wenye kadi ya kijani, tena bila kulipa ada. Rais George W. Bush alitangaza mwaka 2002 kwamba wakati huo wa vita ulianza tarehe 11 Septemba 2001. Kwa maandishi ya sheria, hata siku moja ya utumishi wa heshima inatosha.

Shida iko kwenye karatasi moja, inayoitwa N-426. Ndani yake jeshi linathibitisha kwamba askari anatumikia kwa heshima, na bila hiyo faili halisogei. Oktoba 2017 wizara ya ulinzi iliongeza masharti: mwenye kadi ya kijani atumikie kwanza siku 180 za kazi kamili, au mwaka mmoja akiwa katika jeshi la akiba, na karatasi itiwe sahihi na afisa wa cheo cha kanali au zaidi. Askari mpya atamwona kanali wapi? Mwaka 2020 baadhi ya askari waliishitaki wizara, na mwezi wa Agosti jaji mmoja wa Washington akafuta sharti la muda. Serikali ikakata rufaa.

Wasemaji wa Kiswahili walikuwa wameonja hayo mapema. Kuanzia 2009 jeshi hilo liliandikisha wageni wasio na kadi ya kijani kwa sababu ya lugha zao, Kiswahili kikiwemo, kwa ahadi ya uraia mwisho wa mafunzo ya wiki 10. Mwaka 2016 mlango ulifungwa, na kati ya waliokwisha kutia sahihi wapo ambao viza zao ziliisha wakingali wanachunguzwa. Walitimiza upande wao. Aliyeahidi ndiye aliyebadili saa.

Anayeumia zaidi hayuko kambini. Mwenye kadi ya kijani hawezi kabisa kumwombea mama yake. Ni raia tu aliyetimiza miaka 21 anayeweza. Mke naye hukaa kwenye foleni yenye idadi maalumu kila mwaka, wakati mke wa raia hana foleni hiyo. Kwa hiyo kila mwezi ambao karatasi inalala mezani kwa afisa ni mwezi ambao mama anangoja Katuba au Ruashi, labda na deni la tiketi mgongoni. Jamaa zisikope pesa kwa kutegemea tarehe iliyotajwa na mwandikishaji.

Na uraia ukifika, Kongo nayo ina neno lake. Katiba, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauunganishwi na mwingine. Sheria ya 12 Novemba 2004 inamwondolea anayechukua wa kigeni. Siku ya kiapo, mtoto wa Lubumbashi anakuwa mgeni, na kwenye uwanja wa Luano ataombwa viza. Tena sheria ya ardhi ya 1973 inaweka haki ya kudumu ya kiwanja kwa Wakongomani peke yao, na wengi hununua kiwanja nyumbani kwa mshahara wa kwanza.

Kinshasa haiwezi kumharakisha kanali wa Marekani. Inaweza kuirekebisha sheria ya uraia, jambo ambalo wabunge wa Haut-Katanga wangepaswa kulidai kwa sauti, maana pesa za hao askari zinajenga mji wao. Kwa sasa, aliye na kiwanja atafute mwanasheria kabla ya kuinua mkono kuapa.