Mmea Ulao Wadudu Hauko Amerika Peke Yake

Wapo walimu, tena wenye vyeti vizuri, wanaoamini kwamba mmea ulao wadudu ni kitu cha ng'ambo. Waulize wakutajie mmoja, watakutajia ule wa kitabuni, wenye jani lililogawanyika mapande mawili, meno pembeni na nzi katikati. Mmea huo, dionea, kwao ni eneo dogo katika majimbo mawili ya Marekani, Carolina ya Kaskazini na Carolina ya Kusini, wala hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani. Huku kwetu pwani ya kusini tumeusomesha vizazi na vizazi kwa picha. Wakati huo huo, katika dimbwi la nyuma ya shule, mmea mwingine ulao wadudu unaelea majini na kutoa maua madogo ya manjano, na watoto wanaupita kila siku wakienda kuteka maji.

Mimi naliita jambo hili aibu, na sioni neno jingine la adabu zaidi.

Huo wa dimbwini wataalamu huuita utrikularia. Hauna mizizi. Ni nyuzi nyuzi za kijani zilizotanda chini ya uso wa maji, na kwenye nyuzi hizo vimening'inia vifuko vidogo sana, vingi vikiwa havizidi punje ya ulezi. Kila kifuko kina mlango, na mlangoni pana vinyweleo. Mmea husukuma maji nje ya kifuko mpaka kuta zake zikabonyea kwa ndani. Mdudu mdogo wa majini akigusa kinyweleo, mlango hufunguka, kuta hutanuka kwa ghafla, maji huvutwa ndani pamoja na mdudu, kisha mlango hujifunga. Kumvuta huko hakuchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Dionea mwenye sifa zote huhitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufumba jani lake. Kwa hiyo huu wetu, ambao mkulima wa mpunga huung'oa na kuutupa kwenye tuta pamoja na magugu mengine, unampita yule maarufu kwa mbali mno.

Charles Darwin alipotoa kitabu chake juu ya mimea ya namna hii mwaka 1875, hakuudharau utrikularia. Aliuchunguza kwa kirefu, ingawa siri ya mlango haikumfunukia. Alidhani wadudu hujipenyeza wenyewe kwa kusukuma na vichwa. Mtoto wa darasa la sita mwenye lenzi ya mkononi anaweza kuviona vifuko vilivyokwisha kula vikiwa vimegeuka rangi kuwa vyeusi. Akiuinua mmea kutoka majini na kuusogeza sikioni, anaweza hata kusikia vifuko vikialika vinapovuta hewa badala ya maji. Niambie, msomaji, ni picha gani ya kitabuni inayoalika?

Tena si huo peke yake. Tanzania ina drosera vile vile, mimea midogo ya ardhi ya kichanga inayotota majira ya mvua, ambayo majani yake yana nywele zenye matone ya ulimbo. Kila aliyetega ndege utotoni kwa ulimbo wa mfenesi ataelewa mtego huo bila kuelezwa mara mbili.

Nikisema haya mbele ya walimu wenzangu hupewa majibu matatu. La kwanza ni kwamba mimea hiyo haifugiki nje, kwa sababu vitabu vya bustani vya Ulaya vinataka ipandwe katika kuvumwani hai aitwaye sifagnamu. Kweli, kuvumwani huyo ni kiumbe cha ajabu. Huweza kubeba maji mara ishirini ya uzito wake mkavu, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia alitumika kufungia majeraha ya askari. Lakini kwao katika Afrika Mashariki ni kwenye baridi na ukungu wa milima mirefu, kama ile ya Ruwenzori. Kumleta Kilwa Masoko ni kumwua kwa jua, na kununua yule aliyekaushwa wa kutoka ng'ambo kwa fedha za shule ni upuuzi. Dionea naye anataka miezi ya baridi apumzike. Mimea yetu haidai baridi wala kuvumwani. Drosera wa huku humea kwenye mchanga mtupu. Chukua karai pana, tia mchanga wa mtoni uliooshwa mara tatu nne, uweke utote daima, nyunyiza mbegu juu bila kuzifukia. Utrikularia anahitaji ndoo, maji na konzi ya majani makavu yaliyooza. Hakuna mbolea, hata kijiko, kwa maana mimea hii imezoea ufukara, na mbolea huiua.

Jambo kubwa ni maji, na hapa wengi huharibu wakasingizia hali ya hewa. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Tazama birika lako la chai: ukoko mweupe ulioganda ndani, ukiukamulia ndimu, hutoa povu. Chokaa hiyo ni sumu kwa drosera. Kinga maji ya mvua kwenye bati, basi. Nawaonya pia wanaotaka kutumia makumbi ya nazi badala ya kuvumwani. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni miezi kadhaa kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi; tumia yale ambayo hayakuona bahari, nayo uyaoshe.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kiangazi kikikaza, baadhi ya drosera hufa kabisa na kuacha mbegu. Mwalimu asikimbilie kumwaga karai. Hilo nalo ni somo.

Jibu la pili ni malaria: ati ndoo za maji zitaleta mbu. Hoja hii ina haki yake. Utrikularia hula viluwiluwi wadogo wa mbu, lakini hawamalizi, na anayekwambia huwamaliza anakudanganya. Funika ndoo kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Chakula cha mmea huo kimo majini, hakishuki kutoka hewani, hivyo chandarua hakimnyimi kitu.

Jibu la tatu ndilo linalonikasirisha. "Mzee, mmea huo hauliwi wala hauuzwi." Haya husemwa na watu waliofundishwa Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967 ili shule na mazingira yake viwe kitu kimoja. Shamba la shule likageuka mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa namba. Sasa sayansi nayo imekuwa kukariri: mtoto anaandika kwamba mmea ulao wadudu hauhitaji jua kwa kuwa unakula nyama, na msahihishaji mvivu anampa alama. Mmea huo hujitengenezea chakula kwa jua kama mhogo. Mdudu ni mbolea yake tu, kwa sababu udongo wake hauna naitrojeni ya kutosha. Mtoto aliyeuweka mmoja kivulini na mwingine juani kwa mwezi mmoja hawezi kukosa swali hilo, liwe la Kiswahili cha msingi au la Kiingereza cha sekondari.

Sisi watu wa Lindi tulipaswa kuwa na uchungu zaidi kuliko wengine. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru wakapeleka Berlin mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200, iliyobebwa vichwani na wazee wetu hadi bandarini Lindi. Watoto wetu wakabaki na picha. Mifupa ile angalau ilichukuliwa. Dimbwi hakuna aliyetunyang'anya, tunalifukia wenyewe. Wageni wakifika Kilwa Kisiwani huoneshwa bwawa lenye pembe nane la Husuni Kubwa, na ni haki lioneshwe, lakini mimi najua shule moja iliyojaza vifusi dimbwi lake ili ipate uwanja wa gwaride, na ndani yake maua ya manjano yalikuwa yamesimama. Mwalimu wa baiolojia alisimamia kazi hiyo. Juma lililofuata alichora dionea ubaoni, kwa chaki za rangi, vizuri sana.