Anayejifunza kusuka aanze na kichwa kinachosema

Wanafunzi wenzangu wengi, wasichana na hata wavulana wawili watatu, siku hizi wanajifunza kusuka nywele nyumbani, na karibu wote wanajifunza kwa telefone. Wanaweka video, wanaisimamisha, wanairudia, wanafunga meshi kwenye mguu wa kiti na kuanza. Mimi naona njia hiyo inafundisha nusu ya kazi tu, tena nusu iliyo rahisi. Nusu nyingine haionekani kwa macho: inasemwa. Ndiyo maana naileta hapa, katika jarida la watu wa lugha.

Nimalize kwanza iliyo rahisi. Mguu wa kiti ni mwalimu mzuri wa vidole. Gawa meshi mafungu matatu, pitisha la kando juu ya la kati, kulia, kushoto, mpaka mkono ufanye bila kuuliza. Kisha unaingia kwenye mistari inayolala kichwani, ambako kila mzunguko unaokota nywele kidogo za chini na kuziingiza katika fungu. Ukipitisha fungu chini ya la kati, msuko unainuka kama mgongo; ukilipitisha juu, unazama. Video nzuri itakuonyesha hayo yote. Itakuonyesha pia kwamba nywele huchanwa kuanzia ncha kwenda kwenye shina, baada ya kunyunyiziwa maji na kutiwa mafuta. Hapa Lubumbashi, mvua ikishakatika mwezi wa Mei na vumbi jekundu likianza, anayechana nywele kavu anazikata.

Lakini nguvu ya kukaza hakuna video inayoionyesha. Msuko uliokazwa vizuri na uliokazwa kupita kiasi, kwenye kioo cha telefone vinafanana, na mara nyingi ule wa pili ndio unaopendeza zaidi kwa sababu mistari imenyooka na ngozi inang'aa. Tofauti anaijua mwenye kichwa. Anajua vipele vidogo vinavyotokea kwenye shina, anajua usiku wa kulala kifudifudi. Na mambo yakiendelea hivyo kwa miaka, nywele za kando ya paji zinarudi nyuma na huenda zisiote tena. Madaktari wa ngozi wanaita alopesia ya mvuto. Sisi tunaona mapaji ya dada zetu yanazidi kupanuka na kusema ni umri.

Mimi nilijifunza kwenye kichwa cha mdogo wangu wa miaka saba, ambaye shule yake inataka wasichana wasukwe mistari bila meshi. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni akichambua sombe. Hakugusa nywele hata mara moja. Alisema tu: beba kidogo, tena kidogo, shusha mukono, usivute, fata. Kati ya kuvuta na kufuata ndipo ilipo kazi yote. Anayevuta anapeleka nywele anakotaka yeye. Anayefuata anaweka mkono karibu na ngozi na kwenda na mstari. Sentensi aliyoirudia kuliko zote ni hii: «Kichwa ya mutoto haiko kamba.» Mwalimu wa Kiswahili sanifu angesahihisha maneno matatu kati ya hayo matano. Mimi sijasikia maelezo ya kusuka yaliyo bora kuliko hayo.

Na mwenye kichwa naye alisema. «Yaya, inavuta.» (Wasomaji wa pwani wasishangae: kwetu yaya si mlezi wa kuajiriwa, ni mkubwa wako.) Baada ya Jumapili chache nikatambua kwamba mtoto huyu ana vipimo vyake. Inavuta, maana yake endelea lakini nakuangalia. Inauma, legeza. Inachoma, fumua huo mstari. Hakuwahi kusema «unaniumiza». Hanishtaki mimi, anatoa habari za kichwa chake, na habari hizo ndizo zinazouambia mkono wangu ukaze mpaka wapi. Mguu wa kiti hauna habari za kutoa.

Kwa hiyo nalichukia neno moja linalosikika nyumba nyingi siku ya kusuka: vumilia. Wanaolitumia wanampenda mtoto na wanataka apendeze, sina shaka. Lakini mtoto anayejibiwa vumilia mara kumi, mara ya kumi na moja hasemi, na kuanzia hapo msukaji anasuka kipofu.

Tunasoma kwa Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, jinsi lugha hii ilivyoandikiwa vitabu ili wakubwa wa kazi waweze kuamrisha. Kusuka nako kumejaa amri: inama, geuka, kaa kimya, leta kichwa. Tofauti ni kwamba hapa amri inajibiwa, na jibu linabadilisha mkono wa anayeamrisha. Ningependa mtu arekodi masaa mawili ya mazungumzo hayo na kuyachambua. Rafiki yangu mmoja alitaka kufanya hivyo kwa kazi yake ya mwisho, akaambiwa na mtu atafute mada yenye maana. Sijui mada yenye maana ni ipi kwa watu ambao mababu zao, Waluba, walichonga mito ya mbao ya kulalia ili misuko isiharibike usiku, mito ambayo leo imewekwa ndani ya vioo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Na maneno je? Kusuka, kusokota, kufuma. Kisha kufumua, chenye kiambishi kilekile cha kupindua kitendo tunachokikuta katika funga na fungua, ambacho sisi wa Lubumbashi bado tunakitamka na l yake ya zamani, fungula. Tunafundishwa kiambishi hicho kwa mifano ya mlango na dirisha.

Sisemi saluni zifungwe. Rasta nyembamba za kunifika mgongoni bado napeleka kichwa changu kwa mama anayesuka pembeni ya soko, na bei yake sibishani nayo, kwa sababu nimeshajua vidole vinavyouma baada ya mistari minane tu. Ila nikikaa kwenye kigoda chake siku hizi nasema mapema: mama, inavuta. Mara ya kwanza alicheka, akauliza nimejifunza wapi kusema hivyo. Kisha akalegeza.