Ramani ya Shamba la Mpira Ilipwe na Nani?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba mpira wa ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, usiingie masokoni mwake. Umeahirisha mara mbili. Makampuni makubwa yamepewa hadi Desemba 30, 2026. Sisi hatupingi misitu kulindwa, maana ni yetu. Twauliza tu: gharama ni ya nani?

Tazameni Kodivaa, nchi inayoongoza Afrika kwa mpira. Mkulima hugema mti, utomvu hugandia kikombeni, naye humwuzia mchuuzi. Mchuuzi huchanganya mabonge ya mashamba mengi katika lori moja. Likifika kiwandani, nani ajuaye bonge hili ni la nani? Sasa sheria yataka kila shamba lionyeshwe kwenye ramani, na likizidi hekta 4, mipaka yake yote. Mbele ya sheria anayewajibika ni mwagizaji wa Ulaya; lakini asiye na ramani ni mkulima, naye ndiye atakayekataliwa mpira wake, hata kama hakufyeka msitu wowote.

Hatusahau ya Mfalme Leopold. Watu wa Kongo walikatwa mikono kwa ajili ya mpira, nao ukashushwa bandarini Antwerp kama bidhaa nyingine yoyote. Leo Ulaya inauliza, na ni haki yake kuuliza, ila isiulize kwa fedha za mkulima! Wenye viwanda vya matairi walipe wapimaji, na ramani zikae katika vyama vya ushirika vya wakulima, wala zisiwe mali ya mnunuzi.