Bibi Aliyeandika Madeni Yake na Wasia Wake



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na aali zake na sahaba zake. Amma baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kumtaja mwenzetu mmoja tuliyesoma naye chuoni hapa Tanga, ambaye aliitikia mwito wa Mola wake katika mwezi wa Rajabu uliopita. Jina lake hatulitaji, kwani yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa. Lakini khabari zake zina mafunzo kwa kila nyumba yenye biashara, na kwa kila nyumba yenye yatima.

Marehemu alikuwa mtoto wa Ngamiani. Tulikaa naye chuo kimoja, wavulana upande huu na wasichana upande ule, kila mtu na juzuu yake. Katika kuhifadhi hakuwapita wenzake, bali khati yake ilikuwa nzuri kupita zetu sote. Wengi wetu tuliridhika na kusoma tu. Yeye alipenda kuandika. Hata alipokwisha khitimu, alikuwa aweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wazee wa mtaani wakimwita awaandikie. Wako waliouliza mtoto wa kike ataka nini na kalamu. Hao hawakuwa na khabari ya Bibi Shifaa binti Abdallah, sahaba wa Mtume (s.a.w.), aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume akaliridhia jambo hilo.

Alipoolewa alianza kwa kukaanga maandazi na vitumbua vya asubuhi. Fedha kidogo aliyoiweka, pamoja na zamu yake ya upatu, ikamfikisha Mombasa kwa njia ya Horohoro, akarudi na korja moja ya kanga. Akaziuza doti moja moja kwa wanawake majumbani, wengine kwa fedha taslimu na wengine kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Baadaye akaaminiwa na wenye maduka makubwa, wakawa wakimpa mali kauli, naye akiwapelekea fedha zao siku ile ile waliyoagana. Mumewe alipofariki, biashara hiyo ndiyo iliyoishika nyumba.

Wala asidhani mtu kwamba biashara ya mwanamke ni jambo geni katika dini yetu. Mama wa Waumini, Bibi Khadija binti Khuwaylid, alikuwa tajiri wa Makka mwenye kupeleka mali Sham, na Mtume wetu (s.a.w.) alimchukulia bidhaa zake kabla hajamwoa. Jambo lililotupendeza kwa mwenzetu huyu halikuwa wingi wa mali, kwani hakuwa tajiri mkubwa. Lilikuwa daftari lake. Kila doti iliyotoka kwa mkopo iliandikwa: jina la mdaiwa, bei, siku ya kulipa. Na kila alichodaiwa yeye kiliandikwa upande wa pili. Aliyechelewa kulipa hakuongezewa hata senti, kwani hiyo ingekuwa riba. Alingojewa, na aliyeshindwa kabisa alisamehewa, na samaha hiyo nayo ikaandikwa.

Ndugu zetu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya Surat al-Baqara, haikushuka juu ya sala wala saumu. Imeshuka juu ya kuandika deni. Ni wangapi miongoni mwetu waisomao kwa sauti nzuri, kisha wakakopeshana kwa maneno matupu, na mwisho wake wakahasimiana?

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Marehemu alikuwa na watoto watatu: wanaume wawili na binti mmoja. Yule mkubwa wa kiume alikufa angali kijana, akaacha yatima watatu. Bibi akawachukua. Duka likafungwa baada ya alasiri, ambapo zamani lilikuwa likifungwa usiku. Akiwapeleka chuoni mwenyewe, na baada ya Isha akiwasikiliza mmoja mmoja walichohifadhi, hali macho yamemlemea kwa usingizi. Mtume wetu (s.a.w.) alimbeba mjukuu wake Umama, binti wa Bibi Zainab, naye yumo katika sala, basi ni kazi gani ya duniani iliyo kubwa hata imzuie mtu kumbeba mjukuu wake?

Lakini mapenzi peke yake hayalishi yatima baada ya bibi kufa. Sheria ya mirathi, kwa madhehebu yetu, yasema kwamba akiwapo mtoto wa kiume aliye hai, watoto wa ndugu yake aliyetangulia hawarithi kwa bibi yao. Watu wengi hawalijui jambo hili mpaka siku ya kugawanya mali, na tumeona mayatima walioondoka mikono mitupu katika nyumba waliyolelewa. Hapo wajinga huilaumu sheria, nayo haina lawama. Mwenyezi Mungu amefungua mlango mwingine, nao ni wasia. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake, Mtume (s.a.w.) akampa ruhusa ya theluthi, akamjulisha kwamba hiyo nayo ni nyingi. Mwenye kurithi hausiwi. Lakini mjukuu asiyerithi yuafaa kuusiwa.

Mwenzetu alitujia siku moja baada ya Magharibi, na daftari mkononi. Akasema, "Mwalimu, leo sikuja kuomba dua. Nimekuja na hesabu." Tukakaa tukaipiga. Tuseme mali yote, baada ya mazishi na madeni, ni mafungu 18. Theluthi ni mafungu 6: kila yatima apate 2. Yanabaki 12: mwana wa kiume apate 8, na binti 4. Akaridhika. Akaiandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe, na mashahidi wawili waadilifu wakaweka sahihi zao.

Alipofariki, wako waliomnong'oneza yule mwana aliye hai kwamba watoto wa nduguye hawana haki. Naye ni mtu mwenye watoto na shida zake, maneno yale yakamwingia. Karatasi ikaletwa mbele ya jamaa. Aliishika muda mrefu bila ya kusema kitu, kisha akasema, "Hii ni khati ya mama." Yakalipwa kwanza madeni, nayo yalikuwa mawili tu, yote yamo daftarini. Kisha wasia ukatekelezwa, kisha mirathi ikagawanywa. Hapana aliyekwenda mahakamani, na hapana nduguye aliyenuniana na nduguye. Leo wale yatima wangali wakisoma.

Huko Misri, sheria ya mwaka 1946 iliwawekea wajukuu wa namna hii wasia wa lazima, usiozidi theluthi, hata kama babu au bibi hakuuandika. Nchini mwetu mambo hayo yamo mikononi mwetu wenyewe, na asiyeandika amewaachia wajukuu zake huruma ya watu.

Basi enyi mababu na mabibi, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Mwulizeni mwanachuoni aliye karibu nanyi, pigeni hesabu, tafuteni mashahidi. Nanyi vijana, msione haya kuwakumbusha wazee wenu kwa adabu. Na nyinyi wazazi, mfundisheni binti kuandika kama mumfundishavyo kusoma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe mwenzetu, alitie nuru kaburi lake, na awajaalie wajukuu zake kuwa sadaka yake yenye kuendelea. Amin.